Viatu na soksi za matembezi ya hisani: nunua hiki kwanza, kile kiache dukani

Kama mfuko wa timu yenu una fedha ya kitu kimoja tu, nunueni soksi. Najua mlitegemea nianze na viatu, na viatu vinakuja hapa chini kwa mpangilio, kuanzia ninavyovipendekeza hadi vile ninavyowaomba mviache vilipo. Lakini nimetembea na wenzangu watatu kutoka Mwenge, Dar es Salaam, hadi Bagamoyo, karibu kilomita 60 kwa siku mbili, tukichangisha fedha za vifaa vya wodi ya wazazi, na kilichotusimamisha pale Mapinga hakikuwa kiatu kibovu. Mwenzetu alikuwa na raba nzuri kuliko zetu sote. Ndani yake alivaa soksi nyeupe za pamba, mpya, za pakiti. Alipotaka kuivua ya kulia, kitambaa kilikuwa kimegandana na kisigino. Tukailowesha kwa maji ya chupa na kuibandua polepole, na ngozi ikaja nayo, kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Tulikaa chini ya mwembe saa moja na nusu. Hakuna aliyemlaumu, lakini sote wanne tulikuwa tumesimama.

Hapo ndipo matembezi ya timu yanapotofautiana na ya mtu mmoja. Oxfam Trailwalker, matembezi ya hisani ya shirika la misaada la Oxfam, yaliyoanzia Hong Kong mwaka 1981 kama zoezi la askari wa Kigurkha (Wanepali wa jeshi la Uingereza), ni kilomita 100 kwa timu ya watu wanne, na lengo ni wanne hao waanze pamoja na wamalize pamoja. Matembezi yetu mengi huku nyumbani ni mafupi kuliko hayo, ila kanuni ni ile ile: mtatembea kwa mwendo wa yule mwenye mguu mbovu. Kwa hiyo kiatu cha mwenzako ni shauri lako pia. Kabla hamjaingia sokoni, kaeni siku moja, kila mtu alete viatu na soksi anazotarajia kuvaa, mviangalie pamoja. Asiye na uwezo anunuliwe kwanza. Na fedha hiyo itoke mifukoni mwenu. Michango ya watu isiguswe hata kwa jozi moja ya soksi, maana waliochanga wamechangia wodi.

Sasa soksi zenyewe. Pamba hunyonya jasho na kulishika. Ngozi iliyoloa inakuwa laini, kiatu kinavuta huku mfupa ukivuta kule, na baada ya saa kadhaa tabaka la juu linaachana na la chini, maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge. Kwa hewa ya pwani, ambako hata ukikaa tu unatoka jasho, soksi ya pamba imeloa chepechepe kabla hujafika Tegeta. Bora zaidi ni soksi za sufu ya kondoo wa merino zilizochanganywa na nailoni. Hazipatikani kila mahali, na bei yake inauma, ila jaribu maduka ya vifaa vya wapanda mlima ya Moshi na Arusha, au mwombe ndugu aliye nje akuletee. Zinazofuata ni soksi za michezo za polista na nailoni, na hizi zipo Kariakoo tele. Usisikilize maneno ya muuzaji, soma lebo. Ukikuta pamba imetajwa ya kwanza, rudisha.

Kuna njia ya bei nafuu ambayo naitumia mimi mwenyewe: soksi nyepesi za nailoni, zile za kuvalia viatu vya ofisini, ndani, juu yake soksi nene ya michezo. Msuguano unabaki kati ya soksi na soksi, ngozi inapumzika. Ukifuata njia hii, jaribu viatu dukani ukiwa umevaa zote mbili, la sivyo vitakubana. Kila mtu awe na jozi tatu: moja ya kuanzia, moja ya kubadilisha katikati ya siku, na moja kavu ya siku ya pili ambayo haiguswi hata kama mmeshawishika.

Viatu basi. Namba moja kwa njia ya lami ni raba za kukimbilia, zenye soli nene na nyepesi mkononi. Si lazima ziwe mpya. Kwa bei ya raba mpya za feki za Kariakoo unapata soko la Karume raba halisi za mtumba, na mimi nitachagua mtumba halisi kila siku, kwa sababu zile feki soli yake ni ngumu kama ubao na gundi inaachia kwenye lami ya moto. Wasomaji wa Nairobi mnayo Gikomba, wa Mombasa mnayo Kongowea. Maarifa ni yale yale.

Muuzaji atakunyooshea kiatu kimoja. "Dada, hiki gredi ya kwanza, kimevaliwa mara mbili tu." Mwambie, "Ahsante mdogo wangu, niletee na mwenzake." Usinunue kwa kuangalia kimoja. Viweke vyote viwili juu ya meza, uvitazame kwa nyuma kama unavyotazama gari lililopinda: kisigino kikilalia upande mmoja, aliyekivaa kabla yako alikuwa na mwendo wake, na kiatu kitakulazimisha uufuate. Kisha bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Sponji nzima inabonyea kidogo na kurudi. Iliyokufa ama haibonyei kabisa, ama ina mikunjo midogo midogo kama ngozi ya kiwiko. Kunja kiatu: kikunjike pale vidole vinapokunjikia, si katikati ya unyayo. Ingiza mkono ndani, upapase kitambaa cha kisigino, kwa sababu kitobo kidogo pale kitakuchubua kilomita ya kumi. Mwisho, jaribu kupenyeza kucha kati ya soli na kiatu kuzunguka pande zote. Fundi viatu wa Karume ni hodari, na kiatu kilichobanduka anaweza kukirudisha kikaonekana kama kilivyotoka kiwandani, lakini kidole hakidanganyiki.

Jihadhari pia na kiatu ambacho kinaonekana hakijawahi kuvaliwa kabisa ila kina umri. Zipo soli za poliurethani ambazo huoza kwa unyevu wa hewa hata zikiwa ndani ya boksi. Kwa nje zinang'aa. Ukitembea nazo saa mbili zinamomonyoka kama mkate mkavu. Ukibonyeza ukasikia mlio wa kukatika, au vumbi likabaki kidoleni, achana nacho hata kwa bei ya kutupwa.

Saizi ndiyo inayowaponza wengi. Watu hununua namba wanayovaa kazini. Mguu unaotembea kutwa unavimba, na kwenye mteremko vidole vinasogea mbele na kugonga. Kucha inayogeuka nyeusi imegongwa hivyo mara elfu. Nenda sokoni jioni, baada ya kuzunguka siku nzima. Kabla ya hapo, simama juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye kidole kirefu zaidi (si kila mtu kidole gumba ndicho kirefu), upime kwa rula. Pima miguu yote miwili, ushike ule mkubwa. Kwenye ulimi wa kiatu kuna lebo yenye namba za nchi mbalimbali, na mojawapo ni sentimita. Hiyo ndiyo ya kuaminika zaidi, maana namba za Ulaya, Uingereza na Marekani zinachanganya hata wauzaji wenyewe. Mguu wa sentimita 25, tafuta kiatu cha 26. Ukishavaa, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kisigino kisiinuke ndani ukipiga hatua. Kama kinapwaya nyuma lakini mbele ni sawa, kaza kamba hadi tundu la mwisho kabisa juu, lile ambalo watu wengi hawalitumii.

Namba mbili ni raba za njia za vumbi, zenye meno chini na ubavu mgumu kidogo. Kama sehemu kubwa ya safari yenu ni changarawe, mashamba au mchanga, hizi zinapanda kuwa namba moja. Kwenye lami meno yake yanaisha haraka na mguu unachoka mapema, kwa sababu unakanyaga vinundu badala ya uso mzima. Ndiyo maana kwa barabara ya Bagamoyo nimeziweka nyuma.

Namba tatu itawashangaza baadhi yenu: makubazi yenye mikanda imara, zikiwemo katambuga za matairi. Mguu unapata hewa, vidole havigongi popote, na uvimbe una pa kwenda. Nimetembea nyuma ya mzee aliyevaa katambuga kutoka Bunju hadi Kerege, na jioni miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya vijana wote. Ila yeye hajavaa kitu kingine miaka yake yote. Ngozi ya unyayo wake imeshakomaa pale mikanda inapopita. Wewe uliyezoea viatu vya kufunga ukivaa katambuga wiki moja kabla ya safari, mikanda itakukata. Kama ndicho kiatu chako cha kila siku, vaa bila aibu na usikubali timu ikulazimishe raba. Kama sicho, ruka.

Namba nne, buti za mlima. Kwa lami ya tambarare ni uzito wa bure, na kila gramu unaiinua kwa kila hatua. Orodha hii inageuka kama hisani yenu ni ya kupanda mlima. GGM Kili Challenge ya mgodi wa dhahabu wa Geita, kwa mfano, tangu mwaka 2002 imekuwa ikipandisha watu Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na huko juu kwenye baridi na mawe yanayoteleza, buti inayoshika kifundo cha mguu ndiyo namba moja bila ubishi. Mjini Moshi unaweza kuzikodi badala ya kununua, lakini uzifanyie majaribio yale yale ya kidole na kucha.

Za mwisho, ambazo nawaomba mziache: raba mtoni na raba za kitambaa zenye soli bapa, na zile za mtindo, nyeupe, zinazopendeza kwenye picha ya kuanzia. Nyingi hazina sponji ya kutosha. Lami inapiga kisigino moja kwa moja, na ifikapo kilomita ya ishirini goti linaanza kuuliza maswali.

Mnunue lini? Wiki sita kabla, na si chini ya nne. Vaeni viatu hivyo kila siku mnakokwenda, kazini ikibidi. Angalau mara moja timu nzima itembee kilomita 20 ikiwa na soksi zile zile, begi lile lile, jua lile lile la saa sita. Mahali patakapowasha siku hiyo ndipo patakapochubuka siku ya safari, kwa hiyo kila mtu apaonyeshe na pabandikwe plasta mapema asubuhi, kabla ya kuondoka. Mafuta ya mgando kati ya vidole na kwenye mapaja yanasaidia sana, ila usipake mahali utakapobandika plasta, haitashika.

Vingine ni vichache. Begi dogo lenye mkanda wa kiunoni, moja kwa kila watu wawili inatosha. Paketi za chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, zile zinazouzwa duka la dawa kwa wagonjwa wa kuhara, changanya kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kunywa maji matupu kwa wingi kutwa nzima huku jasho likitoka kunapunguza chumvi ya damu, na hilo ni hatari. Kofia pana. Reflekta kama za bodaboda kwa kila mmoja, kwa sababu mtaanza gizani, na mtembee upande wa kulia wa barabara muyaone magari yanayokuja.

Fulana za kuchapisha ziwe za mwisho. Nasema hivi kwa uchungu, kwani nimeona timu ikilipia fulana nne zenye majina mgongoni huku dada mmoja wa timu hiyo akitembea na viatu vya kuazima vyenye saizi ya mtu mwingine. Alifika Boko tu.

Na kama unasoma haya zikiwa zimebaki siku tatu, na viatu ulivyonunua vinakubana, usivivae kwa matumaini kwamba vitatanuka njiani. Rudi kwenye raba zako za zamani unazozijua, hata kama zimepauka, ubadilishe soksi tu. Hivyo vipya vitie kwenye gari la huduma pamoja na ndala za jioni.