Tahadhari: fundi wa mashine za kufua anayeondoka na bodi

Asalaam aleikum, watu wa Mombasa. Mlio na mashine za kufua, hasa huku Kisauni, Mtopanga na Bamburi, nawaomba msome haya kabla hamjampigia fundi wa kwenye matangazo ya mtandaoni.

Jumamosi mashine ya mamangu, ile ya mlango wa mbele, ilisimama katikati ya kazi. Maji hayatoki, mlango umejifunga, mashuka unayaona kwa kioo yamelala kwenye povu. Dadangu akampata fundi anayejitangaza kuwa hutengeneza mashine aina zote, na hukufuata nyumbani. Alifika upesi, mpole, "mama" kila neno. Hakuinama hata mara moja kutazama chini ya mashine. Alifungua kifuniko cha juu, akachomoa bodi, ule ubao wa umeme unaoiongoza mashine, akamwonyesha mama kidoa cheusi: imeungua, stima hizi za kupotea na kurudi. Akachukua shilingi 4,500 za bodi nyingine, na ile ya zamani akaondoka nayo, ati akailinganishe dukani. Jioni akapiga simu, bei imepanda, aongezwe 2,000. Mama akatuma. Tangu hapo simu ni mteja.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni mama kuinamia beseni na mgongo ule. Na maji yetu ya kisima mnayajua, chumvi tupu, sabuni haishiki.

Tukaita fundi mwingine, mwenye duka lake Mwembe Tayari. Yeye alianza kwa kijifuniko cha chini, pembeni mbele. Akatega sahani, akafungua filta polepole, maji yakamwagika, na ndani mkatoka sarafu ya shilingi kumi na pini ya mtandio. Vitu hivyo ndivyo vilivyokwamisha pampu. Alituuliza kama taa za mashine zilikuwa zikiwaka kabla bodi haijatolewa. Ndiyo, zilikuwa zikiwaka, na kioo kilikuwa kikionyesha alama ya maji kutotoka. Akasema bodi iliyokufa haikuonyeshi alama kama hiyo. Yaani mama alichomolewa bodi isiyo na ubovu, na bodi kama hiyo ni spea, ina soko.

Jirani wa Bamburi naye kafanyiwa yayo hayo, maneno yale yale ya doa jeusi. Fundi huyo wa kwanza husema karakana yake iko Makupa. Tumeulizia, hakuna amjuaye. Na jina linalotokea kwenye M-Pesa ni la mwanamke, silo alilojitambulisha nalo. Ukiona majina hayalingani, usikamilishe malipo.

Mashine ikigoma kutoa maji, chomoa plagi kwanza. Kama ulifua kwa maji moto, ngoja yapoe. Kisha angalia bomba la kutolea maji lisiwe limejikunja, na usafishe ile filta ya chini. Nyingi za mlango wa mbele zinayo. Ikibidi fundi, mwambie aseme kasoro mbele yako, na piga picha ya bodi pamoja na namba zilizobandikwa juu yake. Spea ainunue wewe ukiwapo, au alete ndipo ulipe. Kitu kisitoke nyumbani bila karatasi yenye jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Fundi wa kweli hakasiriki kuombwa hayo. Yule wa Mwembe Tayari alituandikia risiti kabla hatujamwomba.

Kwa waliokwisha kulizwa: namba yake iripotini kwa Safaricom kupitia 333, msifute ujumbe wa M-Pesa, na mwende kituo cha polisi mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Ukimjua mtu alipo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili.

Sisi OB tunayo tayari. Aliyepatwa na huyu fundi aniandikie faraghani, tulinganishe namba aliyotumia, twende kwa mpelelezi pamoja.