GURPS Lite: Jeraha Limepimwa kwa Makini, Mazungumzo Yameachiwa Dadu

Kati ya vitabu vya kanuni za michezo ya kuigiza wahusika mezani vinavyotolewa bure, GURPS Lite ya kampuni ya Steve Jackson Games, yenye makao yake Austin, Texas, ndicho ninachokipendekeza kwa anayetaka kuupima mwenyewe ubishi wa siku nyingi wa wachezaji: je, kanuni zifuate jinsi mwili na chuma vinavyofanya kazi duniani, au zitosheke na hesabu fupi inayouacha uhalisia pembeni? Ni muhtasari wa kurasa 32 wa mfumo wa GURPS (Generic Universal RolePlaying System) ulioanza mwaka 1986, na toleo lake la nne lilitoka mwaka 2004. Karibu kila jaribio huamuliwa kwa dadu tatu za pande sita; jumla isipozidi kiwango cha ustadi wa mhusika, amefaulu.

Nguvu ya kitabu iko kwenye mapigano. Tuseme mtu mwenye nguvu 12 na ustadi wa upanga 12 anamshambulia mtu wa kawaida mwenye pointi 10 za uhai, aliyevaa deraya ya ngozi. Mshambuliaji atalenga sawasawa karibu mara tatu katika kila nne, lakini mwenzake naye ana haki ya kukwepa au kukinga, na kama ustadi wake ni huohuo, kinga yake itafaulu kwa asilimia 37.5. Kinga ikishindikana, hurushwa dadu moja na kuongezwa tatu: ikitoka nne, jumla ni saba, ngozi inapunguza mbili, na tano zinazobaki huzidishwa kwa moja na nusu kwa sababu upanga unakata, hivyo, nusu ikiachwa, aliyepigwa anapoteza pointi saba kwa pigo moja. Katika zamu inayofuata wepesi wake umepungua kwa nne, mwendo wake na uwezo wake wa kukwepa umebaki nusu, na papo hapo lazima ajaribu afya yake ili asianguke chini akiwa amezubaa. Akinusurika, siku nzima ya kupumzika na kula vizuri humpa nafasi ya kurudisha pointi moja tu.

Linganisha na Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson wa mwaka 1974. Katika kanuni zake za mwaka 2014, shujaa aliyebakiwa na pointi moja hupiga, hukimbia na hujikinga sawa na aliye mzima, na mapumziko ya saa nane humrudishia pointi zote. Wanaoucheka utaratibu huo husahau kwamba Gygax mwenyewe alieleza kuwa pointi hizo hazihesabu nyama na mifupa pekee, zinabeba pia ustadi na bahati. Faida yake huonekana mezani: mchezaji aliyetangulia kupigwa bado ana mchezo. Katika GURPS Lite, anayejeruhiwa kwanza kwa kawaida ndiye atakayejeruhiwa tena, na dakika zake zilizobaki ni za kusubiri kushindwa.

Hata hivyo sioni hilo kuwa kasoro. Mchezaji anayejua hesabu ile ya pointi saba hachomoi upanga ovyo. Hutafuta mlango wa nyuma, hutoa rushwa, huomba suluhu. Lakini hapohapo ndipo kitabu kinaponiangusha, kwa kuwa kinamsukuma mchezaji kwenye mazungumzo ambayo chenyewe hakijayaandalia mengi. Mwendesha mchezo anaweza kurusha dadu tatu, akaongeza au kupunguza kwa sura na sifa za mhusika, na jumla ikaamua kama mlinzi wa lango ni rafiki au adui. Akili nayo ni namba moja, ambayo ndiyo pia msingi wa utashi na uwezo wa kutambua mambo, kana kwamba kila mwanazuoni huanza akiwa jasiri na mwenye macho makali, hadi mchezaji azibadilishe namba hizo mwenyewe. Kwa hiyo sifa ya uhalisia inayopewa mfumo huu naikubali kwa nusu: ni uhalisia wa jeraha na mzigo, huku tabia ya binadamu ikiachwa kuwa ya kufikirika kuliko pointi za Gygax.

Mizigo, kwa bahati mbaya, hupimwa kwa paundi, na umbali kwa yadi, kwa hiyo tuliozoea kilo na mita tutakuwa na kazi ya ziada. Zamu moja ni sekunde moja, jambo ambalo hulifanya pambano la sekunde kumi kula sehemu kubwa ya kikao kama wachezaji ni wengi. Kiingereza chake hakina mafumbo. Ukikipeleka steshenari kuchapishwa, agiza nakala za ziada za kurasa za mapigano, maana hizo ndizo zitakazogombaniwa mezani.