Programu ya maandishi ya siri iliyofunguka bila nenosiri

Hii programu ya kuhifadhia maandishi ya siri nimekaa nayo muda mrefu na nilikuwa naisifia kila nikipata nafasi. Ni nyepesi, haili chaji, na inafunguka upesi hata kwenye simu ya bei ya chini kama yangu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Nani anadaiwa, nani kaomba mkopo wa matibabu, yote yamo humo.

Majuzi nilipotaka kubadili simu nikahamishia nakala kwenye kadi. Kila andiko likatoka na faili lake. Nafundisha kompyuta, kwa hiyo nikayafungua nione baiti zake. Kumbukumbu zangu za vikao huanza zote kwa maneno “Kikao cha kikundi, tarehe”, na mafaili yake yote yakawa yanaanza kwa baiti zilezile!

Usimbaji wa mkondo, yaani njia mojawapo ya kuficha maandishi kwa ufunguo, hufanya hivi: kutokana na ufunguo, programu inazalisha mfululizo mrefu wa biti usiotabirika, kisha inachanganya kila biti ya maandishi na biti moja ya mfululizo huo. Ukichanganya mara ya pili, maandishi yanarudi. Basi mwenye faili na maandishi yake anaupata mfululizo wenyewe, na kama ndio uleule uliotumika kwingine, huko kwingine nako kumefunguka. Muhtasari wa kikao huwa nautuma kwa wanachama wote. Nikachukua muhtasari mmoja, nikautoa mfululizo, nikaujaribisha kwenye faili la madeni. Majina ya watu na fedha wanazodaiwa yakajitokeza, mpaka pale urefu wa muhtasari ulipoishia. Nenosiri sikuliandika popote.

Nikawaandikia wahusika kwa heshima zote, nikawaambatishia na ushahidi. Wakakaa kimya. Nilipokumbusha, nikajibiwa: “Dada, tunatumia ChaCha20, hata Google wanaitumia. Kama huna imani nasi, futa programu.”

ChaCha20 ni njia ya usimbaji wa mkondo, na mimi nayo hatuna ugomvi. Mtaalamu wa usimbaji Daniel J. Bernstein aliitoa mwaka 2008, ni imara, na inafaa mno kwa simu zisizo na kifaa cha kuharakisha AES, njia nyingine ya usimbaji. Lakini ina sharti: kwa ufunguo mmoja, kila andiko lipewe nambari yake isiyorudiwa kamwe, ili mfululizo wake uwe tofauti. Katika RFC 8439, waraka wa mwaka 2018 unaoieleza njia hii, nambari hiyo ni baiti 12 tu. Wala si siri, unaweza kuiandika mwanzoni mwa faili. Hawa hawakuiweka, maana faili lina baiti sawasawa na maandishi, haizidi hata moja. Na kosa hili si geni. Mwaka 2005 mtafiti Hongjun Wu alionyesha kuwa Word na Excel za Microsoft zilikuwa zikisimba matoleo tofauti ya hati moja kwa mfululizo uleule wa RC4, njia nyingine ya usimbaji wa mkondo. Unatengenezaje programu ya siri hujasoma haya?

Nilitaka kuishia hapo, niwape nyota mbili kwa ajili ya wepesi wake. Maandishi ya kawaida, orodha ya sokoni, unaweza kuyaweka humo, nikasema. Kisha nikaona hata alama ya uthibitisho ya Poly1305, ambayo ni baiti 16 za kugundua kama faili limebadilishwa, haimo. Nikageuza biti mbili kwenye faili la mkopo, nikalirudisha kwenye programu. 50,000 ikasomeka 90,000, na programu haikulalamika. Mtu angedaiwa fedha ambazo hakukopa, na kitabu kingekuwa changu!

Kwa hiyo nafuta nilichosema kuhusu nyota mbili. Nyota moja, kwa kuwa hakuna pungufu ya hiyo. Mwenye maandishi ya watu humo ayatoe leo, na nakala zilizobaki kwenye kadi azifute. Ninyi wenye programu, sikuomba kuombwa radhi. Nimeuliza swali moja na bado nalisubiri: nambari ya kila andiko mmeiweka wapi?