TAHADHARI: Muuza milingoti ya bendera anazunguka Tanga na Pwani, sisi keshatupiga

Wadau, hasa mlio kwenye kamati za shule, misikiti, makanisa, gesti na ofisi za kata: kuna jamaa anauza milingoti ya bendera mtandaoni, anajiita kampuni. Sisi ametupiga shilingi 1,850,000, hela ya michango ya wazazi. Jina silitaji, RB tumeshafungua na jambo liko polisi, na isitoshe ukurasa wake ameubadilisha jina mara mbili tangu hapo. Nasimulia alivyotufanya, maana nina hakika hakuanzia kwetu.

Shule yetu ni sekondari, iko Pangani. Kutoka uwanja wa paredi hadi ufukweni ni dakika tano kwa miguu. Mlingoti wa zamani, bomba la zinki la miaka mingi, ulikuwa umeoza shingoni pale unapoingia kwenye zege. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya wazazi, kwa hiyo lawama zianzie kwangu. Nilimwona Instagram na mapicha ya milingoti inang'aa mbele ya mahoteli. Kwenye picha mbili magari yaliyopaki yana namba zinazoanzia na K. Nikamuuliza. "Hizo ni kazi zetu za Mombasa, mzee wangu." Nikanyamaza.

Bei aliyotupa ilikuwa ya mlingoti wa mita 9, stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya daraja la 304, unene milimita 3, kapi, kamba, zege na ufundi vyote juu yake. Akataka asilimia 70 kwanza. Jina lililotokea kwenye simu wakati natuma halikuwa lake, akasema huyo ni mhasibu wao. Tena akasisitiza nitume na ya kutolea! Kampuni gani inaomba ya kutolea? Risiti ya EFD nilipoidai akasema ukitaka risiti bei inapanda. Hapo tu ningefunga mazungumzo, lakini mkuu wa shule alikuwa ananiuliza kila siku mlingoti unakuja lini.

Walifika mwezi wa pili, saa kumi na moja jioni, na kirikuu. Ile saa wameichagua. Bomba la chini, la inchi tatu na urefu wa mita 6, kijana mmoja alilitia begani akavuka nalo uwanja, mkono wa pili ameshika simu anaongea na mtu wake. Nikasema moyoni, vijana wa siku hizi wana nguvu. Baadaye mwalimu wa fizikia alinifanyia hesabu: stenlesi ya inchi tatu yenye unene wa milimita 3 ina kilo kama 33 kwa mita 6. Yenye unene wa milimita 1.2 haifiki kilo 14. Mizani ya kupimia mahindi ingetuokolea fedha zote zile.

Nilipotaka kuhakikisha, akatoa sumaku mfukoni yeye mwenyewe. Akaibandika kwenye bomba, ikadondoka. "Unaona? Stenlesi halisi." Wazee wa kamati wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kumbe ile sumaku ndiyo changa la macho. Stenlesi ya 201, ile rahisi ya kutengenezea vishikio vya ngazi na mageti ya ndani, nayo sumaku haiishiki. Imepunguzwa nikeli ikajazwa manganizi, na kwenye hewa ya chumvi inashika kutu upesi. Kwa hiyo sumaku kudondoka hakukuambii kama ni 304 au 201. Na kinyume chake, 304 ya kweli inaweza kuvutwa kidogo mahali ilipokunjwa au kuchomelewa, msije mkamfukuza fundi mwaminifu kwa sababu hiyo.

Unene nao niliupima mdomoni mwa bomba, milimita 3 kamili. Nikatulia.

Shimo walichimba giza likiingia, huku wametuita ofisini kusaini karatasi za makabidhiano. Tulipotoka zege limeshamwagwa, na asubuhi yake wakapanga vigae vizuri kuzunguka shina. Sehemu moja tu nilishinda: walitaka kuusimika pale getini, chini ya waya za TANESCO, eti uonekane barabarani. Nikagoma. Bomba la chuma la mita 9 likiyumba wakati wa kulisimamisha likagusa waya, mnazika watu. Mlingoti uwe mbali na waya kuliko urefu wake wenyewe, ili hata ukianguka usifike.

Wiki ya tano machozi ya kahawia yakaanza kutoka kwenye viungo. Nikampigia. Akasema tusugue na dawa ya meno. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakasugua Jumamosi nzima.

Mwezi wa tano kusi ikaingia. Bendera aliyotuuzia ilikuwa ya mita 2 kwa 3, kubwa, tukafurahi. Sasa fundi wa kweli atakwambia urefu wa bendera uwe kati ya robo na theluthi ya mlingoti, kwa hiyo tulikuwa tumefika mwisho kabisa wa kipimo, juu ya bomba ambalo lingefaa kuning'inizia pazia. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Bomba likaanza kupinda kama ndoana, na kapi, ambayo ilikuwa ya plastiki, ikapasuka na kuibana kamba. Bendera ikakwama katikati. Haipandi, haishuki.

Nusu mlingoti. Kwa nchi yetu hiyo maana yake msiba wa taifa, na anayeutangaza ni Rais. Saa tatu asubuhi mama mmoja muuza maandazi akaja getini amefunga kanga kichwani, anauliza kwa sauti ya chini nani katutoka. Saa nne wakaja watu wa bodaboda. Mchana mtendaji akapiga simu, na yeye hakuwa na sauti ya chini. Siku mbili bendera iko vilevile. Vijana wa kidato cha nne wakajitolea kupanda, tukakataa, maana ukiuegemea mlingoti kwa mkono unasikia shina linacheza ndani ya vigae.

Siku ya tatu alfajiri, upepo umelala, tukaufunga kamba tatu tukauvuta taratibu. Hatukuhitaji hata sululu. Uling'oka na zege lake lote, bonge la ukubwa wa sufuria ya pilau ya watu ishirini. Nikapima kwa tepu: sentimita 35. Mlingoti wa mita 9 kanuni ya mafundi ni kuzika walau sehemu moja ya kumi, yaani sentimita 90, na kwenye mchanga kama wetu unaongeza. Chini ya shimo unaweka kokoto ili maji yapate pa kwenda, la sivyo bomba linaoza kwa ndani wewe ukiwa unapiga polishi nje.

Tukamwita fundi wa kuchomelea wa hapa mjini alikate bomba. Kule mdomoni palikuwa na pete. Jamaa alichomelea kipete cha milimita 3 kwenye ncha, akakisaga kikalingana na bomba, ili wewe upime pete. Hatua moja ndani, vernia, kile kipimo cha unene cha maabara, ikasoma milimita 1.2. Na kile kiungo cha bomba la inchi mbili juu ya la inchi tatu, nilichodhani limeingizwa ndani kama antena ya redio, lilikuwa limegusishwa tu kwa nukta za kuchomelea, nne kwa hesabu. Huyu fundi wetu anasema bomba la juu lizame ndani ya la chini nusu mita au zaidi.

Kwa hiyo akikufikia, au akikufikia mwingine wa sampuli yake: leta mizani, pima kila kipande kabla hakijapanda. Mwambie akate kipande kidogo mbele yako upime ukuta wa bomba kwenye mkato mpya. Simama kando ya shimo na tepu yako, piga picha, kisha ndipo zege limwagwe, na iwe mchana. Mlio karibu na bahari jueni kwamba hata 304 ya kweli huota madoa kwa chumvi, inayostahimili zaidi ni 316. Mlio bara msihangaike na kung'aa. Bomba la chuma lililochovywa kwenye zinki, zito, lililopakwa rangi, linawatosha, na mafundi wa kulitengeneza wako kila mji. Na hela ya mwisho itoke baada ya wiki kadhaa za upepo.

Sisi kwa sasa bendera iko juu ya mti wa mvinje. Mzee mmoja fundi wa majahazi alituchagulia, akautia mafuta, akatufungia roda ya mbao, yaani kapi, na henza yake, kamba ya kupandishia. Inapanda saa kumi na mbili asubuhi, inashuka saa kumi na mbili jioni, haijakwama hata siku moja.

Namba ya jamaa haipatikani tena, ila wiki iliyopita binti yangu alinionyesha ukurasa mpya, picha zilezile za magari ya K, sasa anauza milingoti ya mita 12. Kipande chenye ile pete ninacho. Polisi wamekipiga picha wakaturudishia. Anayetaka kukiona kwa macho aje shuleni, kipo ofisi ya mkuu wa shule, kimewekwa sakafuni kuzuia mlango usijibamize na upepo.