Uzoefu wangu: kozi ya mtandaoni ya kutandaza nyaya za umeme nyumbani

Nimeipitia yote, na ninaipa nyota nne kati ya tano.

Thamani yake kubwa iko kwenye somo la kuzima umeme kabla ya kugusa chochote. Wengi huzima breka, hubonyeza swichi, na taa isipowaka huamini umeme haupo. Kumbe huenda balbu imeungua tu, au nyutro, waya unaorudisha umeme, imekatika huku waya wa moto ukiwa na volti zake 230 kamili. Kozi inafundisha utaratibu wenyewe: zima breka ya saketi na uifunge kwa kufuli, jaribu testa ya ncha mbili mahali unapojua pana umeme, kisha pima mara tatu pale utakapofanyia kazi: moto na nyutro, moto na ethi (waya wa ardhi), nyutro na ethi. Halafu irudishe testa pale pa kwanza, uhakikishe haikufa ulipokuwa unapima. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Kuhusu kalamu ya kupimia bila kugusa, wanasema kweli: isipowaka haijathibitisha kitu, maana betri iliyochoka inatosha kuinyamazisha.

Somo la breka nalo ni zuri, ila lina pengo. Linaeleza kwamba breka inalinda waya, si mtu: ya ampea 20 huziachia ampea zote 20 zipite, ilhali sehemu ndogo sana ya ampea moja inaweza kuua. Anayelindwa na RCD ya miliampea 30 (swichi inayojikata umeme ukivuja) ni mtu, kwa kuwa hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na hukata tofauti ikitokea. Wasichosema ni kwamba ukishika moto na nyutro kwa pamoja huku hugusi ardhi, RCD haioni kasoro yoyote. Kwake wewe ni kama pasi au birika.

Ukubwa wa nyaya wameufundisha kwa jedwali tupu: milimita mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko. Kama mwanzo, si mbaya. Lakini waya uleule wa 2.5 ukisongamana na wenzake ndani ya bomba moja, au ukifunikwa darini na sufi ya kuzuia joto, unabeba ampea chache zaidi kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Na breka inayojikata kila mara haitibiwi kwa kuweka kubwa zaidi; hapo umeugeuza waya wa ukutani kuwa fyuzi.

Nyota iliyopotea ni ya rangi. Kahawia moto, bluu nyutro, kijani na njano ethi, wanasema, kana kwamba ndivyo ilivyo duniani kote. Marekani nyeusi ni moto na nyeupe ni nyutro. Uingereza, kabla ya mabadiliko yaliyoanza 2004, nyekundu ilikuwa moto na nyeusi nyutro. Kwa hiyo nyeusi hiyohiyo ina maana mbili zinazopingana, na nyumba ya zamani iliyoongezewa vyumba inaweza kuwa na rangi za vizazi viwili. Testa ndiyo iamue.

Zoezi la soketi limefanywa kwa mikono makini: chuna kama milimita 10, waya ukiwa mwembamba ukunje mara mbili, kaza skrubu, kisha uvute uone kama umeshika. Plastiki ikibanwa chini ya skrubu, muunganisho unakuwa hafifu na soketi inapata moto. Breka haitakuokoa hapo, maana ampea ni zilezile za kawaida.

Kipimo cha uzima wa plastiki ya nyaya, cha volti 500 za DC, wamekipitia mbio mno. Wanataja kiwango cha chini cha ukinzani, megaomu 1, bila kukumbusha kutoa balbu na kuchomoa vifaa vya elektroniki kwanza. Ukivisahau, ama namba itashuka bila nyaya kuwa na tatizo, ama utaunguza kifaa.