Maikroskopu ya wanafunzi kutoka Kariakoo: msiangalie namba ya kwenye boksi

Wakuu, hii kitu ninayo tangu mwaka jana kwahiyo naongea nikiwa na uhakika. Ni ile ya wanafunzi, bodi ya chuma, taa ya LED chini, lenzi ya kuchungulia ni 10x na zile zinazozunguka zipo nne, 4, 10, 40 na 100. Nimeichukua duka moja la vifaa vya maabara Kariakoo, tukapatana, haikufika laki tatu.

Sasa ishu ya namba. Utakuta boksi limeandikwa 2000x, yaani inakuza mara 2000, na muuzaji anaipigia debe hiyo tu. Achana nayo kabisa. Mwanga una kikomo chake, vitu viwili vikikaribiana chini ya kama maikromita 0.2 lenzi haivitenganishi tena, hata ukikuza vipi unakuza ukungu. Soma ubavuni mwa lenzi, yangu ya 40 imeandikwa 0.65, hiyo ndo inakwambia itaona kwa undani kiasi gani.

Kilichonifanya niipende ni kondensa, ile lenzi ya chini ya slaidi, inapanda na kushuka na ina sehemu ya kuwekea filta. Hapo ndo raha ilipo aisee. Kata kiduara cha karatasi nyeusi, kama sentimita moja na nusu hivi, bandika katikati ya plastiki angavu, weka pale kwenye filta, fungua diafram yote, ile ya kupunguza na kuongeza mwanga pale kwenye kondensa. Mwanga wa moja kwa moja unazibwa, unapita wa pembeni tu, nyuma kote kunakuwa giza na vidudu vinawaka. Mimi nililoweka majani makavu kwenye maji ya mtaroni Kijitonyama siku kadhaa, nikatoa tone, nikaona paramesia, kale kadudu ka seli moja, mzima mzima, vinywele vyake vinatetemeka mwili mzima na vile vifuko viwili vya kutolea maji vinajaa, vinajifinya, vinajaa tena. Kwenye mwanga wa kawaida yule yule alikuwa kivuli cha kijivu tu. Kuna fezi kontrasti pia, njia nyingine ya kuonyesha vitu angavu vizuri, iliyompa Frits Zernike Nobeli ya fizikia 1953, ila vifaa vyake ni hela ndefu. Kikaratasi kinafanya kazi vizuri kwa lenzi ya 4 na 10, ya 40 mpaka uongeze upana wa duara, ya 100 sahau.

Ubaya wake, slaidi unaisogeza kwa vidole, kwahiyo ukiwa kwenye 400x (lenzi ya 40 mara ile 10 ya kuchungulia) unamfukuzia mdudu mpaka mkono unauma. Weka nyuzi chache za pamba kwenye tone, anapunguza mbio. Simu nayo nunua kile kishikio chake, kushika kwa mkono video inacheza sana.

Mkienda kununua mwambieni awashe taa palepale, muweke slaidi, mzungushe lenzi zote, na muhakikishe kondensa inashuka kweli, maana nyingine dukani hazina kondensa, zina tundu tu.