Kliniki ya macho ya watoto Mikocheni: daktari safi, dirisha la dawa hapana

Naandika kwa ajili ya mama mwenye kichanga chenye uvimbe kwenye kope, maana mimi nilizungushwa sana kabla ya kufika hapa. Nasra alizaliwa na kidoa chekundu tu juu ya jicho la kushoto. Wiki chache baadaye kikawa kivimbe laini, akilia kinaiva zaidi, na jicho halifunguki lote. Mama mkwe akasema ni alama ya kuzaliwa, itaisha. Zahanati ya mtaani wakasema chokea, wakanipa tyubu ya kupaka.

Daktari wa hapa hakuanza na kivimbe. Alimziba jicho la kulia kwa kiganja, mtoto akahangaika na kulia. Akaziba la kushoto, kimya. “Umeona, mama Nasra? Anategemea hili moja.” Akanieleza kuwa ni uvimbe wa mishipa ya damu, si saratani, hukua kasi miezi ya mwanzo, kisha husinyaa polepole kwa miaka. Ila ubongo wa mtoto unajifunza kuona sasa hivi, na jicho likizibwa au kukandamizwa laweza kubaki hafifu hata uvimbe ukiisha. Ndiyo maana hatukuambiwa tusubiri.

Dawa ni propranololi, ile ile ya wazee wa presha. Mume wangu alishtuka! Kumbe madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walimpa mtoto kwa ajili ya moyo wakaona uvimbe wake unafifia, wakaandika habari hizo mwaka 2008. Kabla ya dozi ya kwanza walimpima Nasra uzito, sukari na mapigo ya moyo. Nesi akanivutisha dawa kwenye bomba mwenyewe, mpaka nikapatia mstari. Anyonye kwanza, ndipo dawa. Akitapika au akigoma kunyonya, usimpe, piga simu, maana sukari yake ya damu inaweza kushuka.

Sasa dirisha la dawa. Ya maji hawakuwa nayo, wakanisukumia vidonge vya wakubwa nikavunjevunje nyumbani. Kichanga huyu! Nilirudi kwa daktari, akapiga simu mwenyewe mpaka ikapatikana. Na feni ya pale kwenye mabenchi ni pambo tu, beba kanga ya kupepea.

Kivimbe kimepauka, jicho linafunguka. Tumebaki na kuziba lile la kulia, lisilo na shida, kwa plasta kila siku ili la kushoto lijifunze kuona, kazi niliyomwachia baba yake, maana nikiibandika mimi, Nasra anaibandua mapema.